Kodi Iliyorudishwa Hims



Sote tunajua kuwa mali ya wizi hurudishwa kwa mwenyewe. Lakini je, mali uliyoipokea kwa halali, kisha ukashindwa kutimiza ulichoahidi?

Tuangalie Shamu, mwaka 636. Watu wa mji wa Hims, Wakristo na Mayahudi, walikuwa na mkataba na Waislamu: wao watoe kodi, nao walindwe. Kodi ikalipwa. Kisha Heraclius, mfalme wa Warumi, akakusanya jeshi kubwa, na Waislamu chini ya Abu Ubayda bin al-Jarrah (R.A.) ikawabidi waondoke mjini wakaungane na wenzao.

Fedha walikuwa nazo mkononi, na vita viko mbele. Hata hivyo, mwanahistoria al-Baladhuri anasimulia kuwa waliwarudishia watu wa Hims kodi yao, kwa sababu hawakuweza tena kuwalinda. Wenyeji wakawafungia Warumi milango ya mji, na baada ya ushindi wa Yarmuk wakawafungulia Waislamu.

Tunajifunza kuwa fedha ile ilifungamana na ahadi. Ahadi iliposhindikana, haki ya kukaa nayo iliondoka, ijapokuwa ilipokelewa kwa halali.

Basi fundi aliyechukua malipo ya awali na kazi hakuifanya, au mwalimu aliyelipwa muhula mzima akafundisha nusu, asingoje kudaiwa. Arudishe. Na watoto wetu watuone tukirudisha.

Wallahu a'alam.