Judo na Elimu ya Kupiga Mtama

Watoto wa Lukuledi, wakipumzika chini ya mikorosho, hupimana nguvu kwa mieleka, na aghalabu mshindi huwa si mnene wao bali yule ajuaye kupiga mtama, yaani kuukata mguu wa mwenzake hata akaanguka chali mchangani. Nami, niliyeanguka mara nyingi katika mchanga huo, nilistaajabu sana nilipotambua ya kuwa huko Japani mtama huohuo umefanywa elimu kamili, yenye chuo, daraja na adabu zake.

Elimu hiyo ni judo. Mwasisi wake, Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka 1860 na kuonewa na wenzake shuleni kwa udogo wa umbo lake, alisoma kwanza jujutsu, fani ya kale ya kupigana bila silaha. Kisha mwaka 1882, akiwa na wanafunzi tisa na mikeka 12 tu, akafungua chuo cha Kodokan katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, na yale yaliyokusudiwa kuua au kulemaza akayaondoa katika mashindano.

Kano alipenda kufafanua kwa hesabu: adui ana nguvu 10, nami nina 7, nikikaidi msukumo wake nitashindwa, lakini nikiufuata atapepesuka, na katika kupepesuka huko nguvu zake zitashuka hadi 3, hata nusu ya zangu ikatosha kumwangusha. Ndiyo maana mtama wa judo haupigwi mguu uliokwisha kukita ardhini, kama tulivyofanya sisi kwa pupa na kuumia vifundo, bali hungojea ile lahadha ambapo wayo unakaribia kutua na uzito haujakamilika juu yake.

Fani hii iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1964, hukohuko Tokyo. Na kwetu, tangu miaka ya 1990, vijana wa Unguja wamefundishwa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia kisiwani humo. Naye mwanafunzi wa judo, kabla hajaruhusiwa kumwangusha mtu, hufunzwa kuanguka yeye mwenyewe: kidevu akikaze kifuani ili kisogo kisigonge chini, na mkono aupige mkekani kwa kishindo ili uupunguzie mwili tetemeko. Laiti tungalipata somo hilo mapema, na mchanga wa Lukuledi ulikuwapo tayari.