Nani Huuliza Swali la Kikao? Historia ya Ajenda katika Makongamano ya Sosholojia ya Mashirika

Utangulizi

Kongamano la kimataifa la wanataaluma huanza muda mrefu kabla ya wajumbe kukutana ukumbini. Huanza pale kamati inapotoa mwito wa mapendekezo ya vikao, na wataalamu wachache wanapouitikia kwa kuandika anwani, maelezo mafupi ya mada na majina ya watakaosimamia. Vikao vikiisha kukubaliwa, ndipo hutolewa mwito wa pili, ule wa ikisiri za makala. Tofauti baina ya miito hii miwili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na wengi. Aletaye ikisiri hujibu swali lililokwisha kuulizwa; apendekezaye kikao ndiye aulizaye. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uwezo wa kuuliza ni mamlaka yaliyo mazito kuliko uwezo wa kusema mkutanoni. Hoja hiyo itafuatwa katika historia ya makongamano ya sosholojia, kisha katika historia ya Kiswahili chenyewe, ili ibainike kwamba wataalamu wa lugha za Kiafrika wanacho cha kupeleka katika hatua ile ya kwanza.

Asili ya vikao

Chama cha Kimataifa cha Sosholojia kiliundwa Oslo mwaka 1949 chini ya uangalizi wa UNESCO, na rais wake wa kwanza alikuwa Louis Wirth wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kongamano lake la kwanza la dunia lilifanyika Zurich mwaka 1950. Katika miaka hiyo ya mwanzo chama kilijengwa hasa juu ya vyama vya kitaifa na taasisi za utafiti, wala si juu ya mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo nchi isiyokuwa na chama chake cha sosholojia ilikuwa na njia finyu ya kusikika. Na sehemu kubwa ya Afrika, ikiwa bado chini ya ukoloni, haikuwa hata na serikali yake yenyewe.

Mabadiliko ya katiba ya mwaka 1970, mwaka wa kongamano la Varna nchini Bulgaria, yaliwafungulia mlango wanachama binafsi na kuzipa nguvu kamati za utafiti. Tangu hapo kamati hizo zimekuwa ndizo tanuri za vikao. Kila kamati hugawiwa idadi yake ya vikao, nayo hupokea mapendekezo, huyachuja na kuyapanga. Kamati ya 17 ndiyo inayoshughulikia sosholojia ya mashirika.

Makongamano yenyewe yalichukua muda kutoka katika Ulaya, Marekani na Kanada. Yalifika Mexico City mwaka 1982, New Delhi mwaka 1986, na Durban mwaka 2006. Hilo la Durban lilikuwa la kwanza kufanyika katika bara la Afrika, miaka 56 baada ya lile la Zurich. Ada za wanachama hupangwa kwa madaraja kulingana na uwezo wa nchi zao, jambo ambalo ni la haki. Lugha rasmi ni tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Hata hivyo, kumpunguzia mtu nauli ya kuingia mlangoni si sawa na kumshirikisha katika kuamua nyumba ijengwe wapi. Aliyeingia kwa ada nafuu anaweza bado kukuta kwamba maswali yote yamekwisha kuandikwa.

Maswali yaliyoijenga taaluma

Yafaa kukumbuka kwamba maswali makuu ya sosholojia ya mashirika hayakushuka kutoka mbinguni. Yalitoka mahali maalumu. Robert Michels, katika kitabu chake cha mwaka 1911, alikitazama hasa chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, akahitimisha kwamba kila chama kikubwa huishia mikononi mwa wachache. Max Weber, ambaye kazi yake kubwa juu ya uchumi na jamii ilitolewa mwaka 1922 baada ya kifo chake, aliuchora urasimu akiwa na utawala wa Prussia karibu na macho yake. Philip Selznick aliandika mwaka 1949 juu ya shirika la umma la bonde la mto Tennessee nchini Marekani. Michel Crozier, mwaka 1963, alichunguza mashirika mawili ya umma ya Ufaransa.

Hakuna hata mmoja wao aliyewekwa katika rafu ya masomo ya eneo. Tennessee ilihesabiwa kuwa mfano wa shirika lolote lile. Kinyume chake, J. Clyde Mitchell alipochapa mwaka 1956 uchunguzi wake juu ya ngoma ya kalela katika miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kazi hiyo ilisomwa zaidi kama elimu ya Afrika, ingawa ilihusu watu waliojipanga kwa vyeo, mavazi na mashindano. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Ushahidi wa upande mmoja huitwa nadharia, na wa upande mwingine huitwa mfano wa mahali. Anwani ya kikao ndiyo inayoamua upande upi utaitwaje.

Suala la maneno

Mtaalamu wa lugha anayo nafasi ya pekee katika mjadala huu, kwa kuwa neno moja la Kiingereza linalomaanisha shirika hufunika mambo ambayo Kiswahili hukipa kila kimoja jina lake. *Shirika* lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushiriki, yaani kuwa na fungu katika jambo. *Taasisi* hutokana na kuasisi: hukazia tendo la kuweka msingi. *Baraza* ni kibaraza cha nyumba kabla ya kuwa mkutano, na neno hilo bado hubeba wazo la watu walioketi wakionana uso kwa uso. *Chama* ni watu waliojiunga, wenye kujuana na kudaiana. *Kikoa* ni watu wanaokula au kufanya kazi kwa zamu, na zamu yenyewe ndiyo sheria yao.

Kadhalika neno *urasimu*. Katika matumizi ya kila siku, hasa Tanzania, neno hilo limekuwa lawama: ni njoo kesho, ni faili lililopotea. Kwa Weber jambo hilohilo lilikuwa aina ya utawala inayofuata kanuni zilizoandikwa, isiyomtazama mtu usoni. Pengo hilo baina ya istilahi na lawama si kosa la tafsiri. Ni ushahidi wa namna watu walivyokutana na ofisi kwa mara ya kwanza, yaani ofisi ya mkoloni, na lingeweza kuwa swali la kikao zima.

Mfano wa Mombasa, 1928

Historia ya Kiswahili sanifu hutoa mfano ulio wazi wa nguvu ya ajenda. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 ulileta wazo la kuisanifisha lugha kwa ajili ya shule. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa, naye Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu kutoka Ujerumani, alihudhuria. Swali lililowekwa mezani lilikuwa hili: ni lahaja ipi iwe msingi? Wamisionari waliokuwa wakitumia Kimvita walikitetea, Kiunguja kikashinda. Mabishano yalikuwa makali, lakini yote yalifanyika ndani ya swali lilelile. Swali la nani ana haki ya kuamua halikuwa katika ajenda, na wenyeji wa lugha hawakuwa ndio walioiandika ajenda hiyo.

Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, ambaye kamusi zinazojulikana kwa jina lake zilitolewa mwaka 1939. Kamati ilisoma miswada ya vitabu vya shule, na iliyokubaliwa ilichapwa ikiwa na kibali chake. Hapo uamuzi wa mkutano mmoja ukawa kazi ya kudumu ya shirika, lenye katibu, barua na muhuri. Mjadala wa siku chache ukageuka kanuni ya miongo. Mwaka 1964 Kamati ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na manung'uniko ya watetezi wa Kimvita yaliendelea kusikika baada ya hapo. Swali lisiloulizwa mwanzoni halifi; hurudi likiwa lalamiko.

Vikao vinavyoweza kupendekezwa

Kutokana na hayo, mapendekezo ya kufaa si yale yanayoomba kikao cha "mashirika ya Afrika". Anwani ya namna hiyo hujifungia yenyewe chumbani, na wasikilizaji wake huwa ni walewale. Lifaalo ni swali la jumla ambalo ushahidi wa Afrika Mashariki unalijibu vizuri kuliko ushahidi mwingine.

Kikao cha kwanza kingehusu mashirika yanayotoa muhuri kwa lugha. Kamati ya mwaka 1930 ingewekwa pamoja na Akademia ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1635, na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967. Swali lingekuwa: shirika hupataje mamlaka juu ya kitu ambacho kila mtu anacho kinywani mwake?

Kikao cha pili kingehusu uigaji wa vyeo. Vyama vya Beni, vilivyozuka katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilikuwa na majemadari, matarishi wa amri na michango, kama alivyoonyesha Terence Ranger mwaka 1975. Je, anayeiga umbo la jeshi huiga pia utii wake, au hulifanya umbo hilo litumikie urafiki na ushindani wa mtaa?

Kikao cha tatu kingehusu mashirika yanayofutwa na kufufuliwa kwa amri. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianza mwaka 1933. Serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kilichobaki katika miaka ile sita, kama vile kumbukumbu, kuaminiana na madeni, ndicho kingefunua shirika ni nini hasa likiondolewa jina na ofisi.

Hitimisho

Imeonekana kwamba orodha ya vikao si kazi ya ukarani tu. Wajumbe wa Mombasa walijibu kwa bidii swali walilopewa, na jibu lao likajengewa shirika lililodumu kuliko wao. Mapendekezo ya vikao huandikwa kwa moja ya lugha tatu rasmi, na hilo halitabadilika upesi. Lakini hakuna kanuni inayozuia dhana za *chama*, *kikoa* na *baraza* kuingia katika maelezo ya kikao zikiwa istilahi zenye kufafanuliwa, kama zilivyoingia istilahi za Kijerumani za Weber. Kazi ya kuzifafanua ni ya idara za lugha. Zikiiacha, wengine watauliza maswali juu ya mashirika ya Waafrika kwa maneno yasiyoyaona, na wataalamu wa hapa watabaki kuleta ikisiri.