Zamu ya Kiwandani na Zamu ya Mweso: Michezo ya Kusubiriana katika Historia ya Jinja

Makala haya yanaanzia kwenye neno moja. Katika Kiswahili, zamu ni nafasi ya mtu kutenda baada ya mwenzake. Tena ni kipindi cha kazi ambacho mfanyakazi hukipokea kwa mmoja na kukikabidhi kwa mwingine. Mlinzi ana zamu, muuguzi ana zamu, na mcheza bao ana zamu. Mjini Jinja maana hizo mbili ziliishi nyumba moja kwa miongo kadhaa, na nadai kwamba historia ya mji huo yaweza kutusaidia kueleza kwa nini michezo ya zamu haichakai.

Swali hilo siku hizi huulizwa zaidi kuhusu michezo ya kompyuta, hasa ile ambayo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, husafiri, na hupigana kwa kuchagua tendo moja kisha kumwachia adui naye atende. Dragon Quest, iliyobuniwa na Yuji Horii na kutolewa Japani mwaka 1986, ni miongoni mwa kazi zilizoueneza muundo huo. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba zamu ilitokana na udhaifu wa mashine: mchezo mzima ulienea katika kilobaiti 64. Maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 2017 Dragon Quest XI ilitolewa kwa mashine zenye nguvu isiyolinganishika na zile za kwanza, na zamu ikabaki palepale. Mwaka 2023 Baldur's Gate 3, kazi ya studio ya Larian ya Ubelgiji, ilipata mamilioni ya wachezaji, nayo ni ya zamu. Udhaifu wa chombo hauwezi kueleza chaguo linalofanywa baada ya udhaifu wenyewe kuondoka.

Tuutazame mweso, ambao Waganda na Wasoga wameucheza kwa vizazi vingi, na ambao ni ndugu wa bao la Waswahili. Ubao wake una safu nne za mashimo manane, na kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. (Kwamba idadi hiyo yalingana na kilobaiti za Horii ni sadfa tu, ingawa yapendeza.) Hakuna bahati nasibu wala kilichofichwa. Mchezaji huchota kete za shimo moja na kuzipanda moja moja; ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huendelea; ikiangukia shimo tupu, zamu yake imekwisha. Akiteka kete za mwenzake, huzipanda upya kuanzia pale mzunguko ule ulipoanzia, hivyo tendo moja huweza kuzaa mfululizo mrefu ambao mtendaji mwenyewe hakuuona wote. Mpinzani hana la kufanya ila kutazama. Katika kutazama huko kwa lazima, mchezo huwa mali ya walioketi kando pia: wanahesabu, wanabishana, wanamcheka aliyekosea hesabu.

R. S. Shackell aliueleza mweso katika jarida la Uganda Journal miaka ya 1930, naye M. B. Nsimbi akauandikia mwaka 1968. Baadhi ya maandishi mengine hudai kwamba jina mweso limetoka katika neno la Kiswahili mchezo. Siafiki. Kiganda kina kitenzi kwesa, yaani kucheza mweso, na nomino mweso huundwa kutokana nacho kwa kanuni ileile ya Kibantu inayotupa mchezo kutokana na cheza. Aweza mtu kujibu kwamba kitenzi ndicho kilichozaliwa na nomino. Mzigo wa ushahidi ni wake. Nimelitaja jambo hili kwa kuwa dai hilo huufanya mweso kuwa mgeni, ilhali Kiswahili ndicho kilichofika Jinja na kuukuta mweso umeketi.

Njia zilizokileta zinajulikana. Reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912. Askari wa King's African Rifles waliamrishwa kwa Kiswahili. Daraja la reli juu ya Nile liliiunganisha Jinja na Kampala mwaka 1931. Kisha likaja bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954, na umeme wake ukavuta viwanda vya nguo pamoja na tanuri la kuyeyushia shaba ya Kilembe. Mtaa wa Walukuba ukapokea wafanyakazi wa lugha nyingi. Walihitaji neno la kugawia saa za mashine, na zamu lilikuwapo tayari.

Nyumbani kwetu lilikuwa neno la baba. Wiki moja alikuwa na zamu ya usiku katika kiwanda cha nguo, wiki nyingine ya mchana, na akishalala alikwenda mwembeni kwenye mweso. Zamu ya kiwandani ilikatizwa na king'ora. Zamu ya mweso ilikatizwa na shimo tupu, na shimo hilo mchezaji alilichagua mwenyewe, au alishindwa mwenyewe kuliona. Sidhani kwamba alikwenda kule kupumzika tu.

Waasia walifukuzwa mwaka 1972, na katika miaka iliyofuata viwanda vilipungukiwa vipuri na malighafi. Mimi nilizaliwa baadaye. Ninachokikumbuka ni miaka ambayo baba aliendelea kuaga kwa kusema ana zamu, ilhali mashine zilikuwa zimesimama na malimbikizo ya mshahara wake hayakulipwa, wala hayajalipwa hadi leo. Mama hakumsahihisha. Sote tulijua anakwenda mwembeni.

Msomaji atapinga kwamba mweso hauna shujaa wala hadithi, na pingamizi hilo ni la haki. Lakini uhusika hauhitaji kuchorwa. Pale mwembeni watu kumi walinyamaza wakimngoja mtu mmoja aamue, na kiwandani hakuna aliyewahi kumngoja hivyo.

Mwaka jana, katika kituo cha bodaboda karibu na soko kuu la Jinja, niliwakuta vijana wanne wakicheza mchezo wa mashujaa na mazimwi kwenye simu moja. Mmoja alishika, watatu walishauri. Walibishana kwa Kisoga kama watumie dawa au upanga, na adui akangoja kwenye kioo bila kusogea. Abiria alikuja akaita. Mwenye simu alimpa jirani yake, akawasha pikipiki, akasema kwa Kiswahili kwamba zamu ile ni yake na asiguse mtu mpaka arudi. Nilikaa pale karibu nusu saa. Hawakugusa.