Nani Amelipia Huo Mtihani?

Kama ulifanya KCSE baada ya 2015, pengine hujui ada ya mtihani ilikuwa pesa ngapi. Mimi sikujua. Binamu yangu mkubwa anajua. Enzi zake, pesa ya KNEC ilikuja juu ya karo, na siku ya mwisho ya usajili haikungoja mshahara wa mtu.

Mtihani wetu haujawahi kuwa wa bure. Anayebadilika ni mlipaji tu. Wakati wa mkoloni, na hata baada ya uhuru, mtihani wa sekondari ulikuwa wa Cambridge, na karatasi zilivuka bahari kwenda kusahihishwa Uingereza. 1967 likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977, Kenya ikaunda KNEC 1980, na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Miaka yote hiyo mzazi ndiye alitoa pesa.

2015 serikali ikaanza kuwalipia watahiniwa wa shule za umma. 2017 ikaongeza wa shule za kibinafsi, na hapo ndipo watu huuliza: mtoto wa akademi analipiwa ya nini? Panda mathree uende Mukuru kwa Njenga, ama Mathare. Shule nyingi huko ni za mabati, na kwenye makaratasi ni za kibinafsi kwa sababu za umma hazitoshi. Hao ndio matajiri wenyewe.

Mwaka wa 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, alitaka mpango wa kumlipia kila mtu uangaliwe upya, wasiojiweza ndio wasaidiwe. Bunge likarudisha shilingi bilioni 5.9 kwenye bajeti. Lakini wazo halijafa, na kusema kweli linasikika poa. Shida ni nani atachagua. Chukua Buru. Ilijengwa kuanzia miaka ya sabini, awamu tano, nyumba za mkopo za watu wa tabaka la kati. Leo palipokuwa na bustani pamejengwa vyumba vya kukodisha; geti moja, familia sita, mapato sita tofauti. Karani akisoma anwani ataona mtaa wa wanaojiweza.

Vyuo vikuu vimeshajaribu. Mfumo wa 2023 uliwapanga wanafunzi kwa hali ya familia, malalamiko yakajaa, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka Katiba. Kesi ikaenda rufaa.

Mimi nasema serikali ilipie wote, na iongeze wale iliowasahau tangu mwanzo: watahiniwa wa kibinafsi, wanaorudia mtihani nje ya shule. Hao bado hujilipia. Jirani yangu ni mmoja wao. Anauza smokie Mutindwa, anaitafuta C+ ya kuingia chuo kikuu, na pesa ya usajili anaiweka kidogo kidogo kwa M-Pesa.