Mhindi Anayedaiwa

Bibi yangu mzaa mama hajui jina la Mehboob Khan. Anachokumbuka ni kwamba alipokuwa binti wa kazi za ndani Arusha, dada wa nyumba ya jirani alimpeleka sinema, wakakaa viti vya mbele vya bei ndogo. Kwenye turubai akamwona mwanamke wa Kihindi, matope hadi magotini, akivuta plau mwenyewe kama fahali.

"Nilishangaa, mjukuu wangu," huniambia. "Sikujua kama Mhindi naye hudaiwa."

Kwa mtu aliyekulia Babati enzi hizo, Mhindi alikuwa duka. Alikuwa chumvi, mafuta ya taa, kanga iliyokunjwa rafuni, na daftari. Kwamba kuna Mhindi anayelima, tena anayeshindwa kulipa, lilikuwa jambo geni kuliko nyimbo na ngoma zote za filamu ile.

Filamu ni Mother India ya mwaka 1957. Aliyeitengeneza alizaliwa mwaka 1907 Bilimora, mji mdogo wa Gujarat, jimbo ambalo familia nyingi za wenye maduka Afrika Mashariki zilitokea. Shule aliijua kidogo tu. Alitoroka kwao akiwa kijana, akaenda Bombay kubahatisha kazi katika filamu bubu, na kwa muda mrefu alikuwa mmoja wa wale wanaojaza picha nyuma ya mastaa. Mwaka 1935 akaongoza filamu yake ya kwanza. Miaka ya 1940 akaanzisha kampuni yake, na nembo aliyoichagua ilikuwa nyundo na mundu. Mwaka 1954 akafungua studio yake mwenyewe Bandra. Watu wetu wa pwani walimpenda zaidi Raj Kapoor, na siwalaumu, lakini mimi huyu mtoto wa Bilimora ndiye anayeninyima usingizi.

Kinachonivuta ni kwamba hadithi hii aliitengeneza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1940, kwa jina la Aurat, yaani "mwanamke", na aliyecheza mama ni Sardar Akhtar, ambaye baadaye alimwoa. Miaka 17 baadaye akairudia kwa rangi. Mama sasa ni Nargis, watoto wapya, nyimbo mpya za Naushad. Mkopeshaji hakumbadilisha. Kanhaiyalal alicheza Sukhilala mwaka 1940, na ni yeye yule tena mwaka 1957. Nchi ilikuwa imepata uhuru katikati hapo, lakini mwenye daftari alibaki na sura ileile.

Deni lenyewe ni rupia 500 za harusi. Mama mkwe amekopa bila kujua kusoma, wazee wa kijiji wanakaa baraza na kuamua kwamba mkopeshaji ana haki, na tangu hapo robo tatu ya mavuno inakwenda kama riba. Deni lenyewe halipungui. Mtoto mmoja, Birju, anang'ang'ana kulielewa daftari na anashindwa. Anageuka jambazi, anamuua Sukhilala, anamteka binti yake. Mama yake ndiye anayempiga risasi.

Huku kwetu serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1931 iliyobana mikopo kwa Waafrika: bila idhini ya ofisa, deni la Mwafrika halikudaika mahakamani. Ilitangazwa kama ulinzi. Lakini ilimwacha mkulima mlango wa mikopo rasmi umefungwa, na deni dogo la dukani likiendelea kimyakimya. Na majumba mengi ya sinema yalikuwa ya Wahindi wafanyabiashara, kwa hiyo senti za bibi zilipitia mikono yao ili akamwone mkopeshaji wa Kihindi akiaibishwa. Naipenda sana kejeli hiyo, ingawa yeye haimchekeshi.

Mehboob alifariki tarehe 28 Mei 1964, siku moja baada ya Nehru. Ningeweza kumwacha hapo, kama si mbaazi.

Babati tunalima mbaazi, na mnunuzi wetu mkubwa ni India. Mwaka 2017 nilikuwa sekondari. Mama alikuwa amechukua mkopo, ile tunayoita kausha damu, akitegemea mauzo ya msimu. Mwezi Agosti India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Bei ikaporomoka. Magunia yakakaa sebuleni hadi wadudu wakayaingia. Wakopeshaji walikuja wawili, wapole kabisa, wakabeba godoro na cherehani. Mmoja alikuwa na daftari, karatasi zake zimekunjamana pembeni kutokana na mvua.

Niliwachukia Wahindi mwaka ule, wote kwa ujumla, kama mtoto anavyoweza kuchukia. Nilipofika chuoni ndipo niliposoma sababu. India ilikuwa imevuna mbaazi nyingi kupita kiasi, bei za huko zimeanguka, na serikali yao ilikuwa inawakinga wakulima wake. Wakulima wanaodaiwa. Kwa maneno mengine, godoro la mama yangu liliondoka ili Radha apumue. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo kwa namna isiyouma, nimeshindwa.

Likizo iliyopita nilimwonyesha bibi filamu ile kwenye simu. Kioo kidogo, macho yake hafifu, akaishika karibu na pua. Nyimbo aliziruka kwa kuniamuru, "Peleka mbele, peleka mbele." Plau ilipotokea hakusema kitu. Sukhilala alipofungua daftari lake, mama, aliyekuwa akipepeta mahindi mlangoni, aliweka ungo chini akaja kusimama nyuma yetu.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye," bibi akajibu, wala hakugeuka.