Samaki Malaika: Jina Moja, Familia Mbili, na Kila Mmoja na Chakula Chake

Ukisikia mtu anasema "samaki malaika", muulize kwanza: wa baharini au wa mtoni? Jina hilo linabeba makundi mawili yasiyo na undugu wa karibu. Wa baharini ndio wale ambao pwani ya Kenya na Tanzania wanaitwa vitatange. Wa mtoni asili yao ni Amerika Kusini, na ndio wale bapa wenye mapezi marefu ambao watu wengi wanafuga kwenye matanki ya kioo nyumbani. Ukiwachanganya, samaki anaweza kukufia huku chakula kimejaa ndani ya tanki.

Wanavyoainishwa

Wote wako katika faila ya Chordata na ngeli ya Actinopterygii, yaani samaki wenye mapezi yenye tindi. Wanaachana kwenye familia.

Vitatange wako familia ya Pomacanthidae, yenye spishi karibu 90. Zamani wataalamu waliwaweka pamoja na samaki vipepeo (Chaetodontidae), maana wote ni bapa na wana rangi za kuvutia. Tofauti iko shavuni: kitatange ana mwiba mkubwa kwenye kona ya chini ya shavu, kipepeo hana. Hata jina Pomacanthus limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kifuniko na mwiba.

Malaika wa mtoni wako familia ya Cichlidae, ambayo ndiyo familia ya sato na perege. Kumbe ni ndugu wa sato kuliko wa kitatange! Jenasi yao ni Pterophyllum na ina spishi tatu tu: P. scalare, P. altum na P. leopoldi. Anayeuzwa zaidi madukani ni scalare.

Watoto hawafanani na wakubwa

Pomacanthus imperator anapatikana kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi, Afrika Mashariki ikiwemo, na anafika sentimita 40. Mkubwa ana mistari ya njano na buluu, lakini mtoto ni buluu iliyokolea na ana duara nyeupe. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba zamani mtoto alipewa jina lake la kisayansi kama spishi nyingine.

Mwenzake, Pomacanthus semicirculatus, anajulikana pia kama samaki Korani. Mistari ya mkiani mwake akiwa mdogo inafanana na maandishi ya Kiarabu.

Wanakula nini?

1. Pomacanthus na Pygoplites: wakubwa wanakula hasa sifongo, wale viumbe laini wenye vitundu wanaoota kwenye miamba. Samaki wengi hawawagusi sifongo kwa sababu wana sumu na vijiti vigumu mwilini. Watoto wa Pomacanthus huwa wanadonoa vimelea kwenye ngozi za samaki wengine.

2. Centropyge: hawa ni wadogo, wengi hawazidi sentimita 15. Wanadonoa mwani kwenye mawe na vijidudu vilivyomo.

3. Genicanthus: hawashindi miambani. Wanaogelea juu kidogo na kula planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini.

4. Pterophyllum: ni wawindaji wa kuvizia. Wanajificha katikati ya majani na mizizi, kisha wanameza viluwiluwi, uduvi na samaki wadogo. Ndiyo maana ukiwaweka pamoja na visamaki vidogo, asubuhi unaweza kukuta hesabu imepungua.

Kabla hujanunua

Scalare anafugika vizuri kwenye maji yasiyo na chumvi, yenye joto la nyuzi 24 hadi 30, na chakula cha dukani anakubali. Kitatange lazima awe kwenye maji ya chumvi. Na kama ni wa kundi la kula sifongo, kama Pygoplites diacanthus, mara nyingi anakataa chakula cha kawaida na kukonda hadi kufa. Huyo ni bora abaki baharini.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "huyu ni malaika tu", usiishie hapo. Angalia shavu kama lina mwiba, uliza jina la kisayansi, kisha mwambie amlishe mbele yako. Samaki asiyekula dukani, nyumbani kwako hatabadilika kirahisi.