Shubiri na Majina ya Bandari

Wageni wanaoshuka melini katika Bandari ya Sultan Qaboos, Matrah, huvuka barabara ya pwani wakaingia sokoni kutafuta lubani. Shubiri, ambayo Waarabu huiita sabir, ni wachache wanaoiulizia. Nayo ni bidhaa ya bahari hii tangu zama za Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kinachoitaja pamoja na lubani katika bandari ya Qana, Hadhramaut. Al-Mas'udi, aliyesafiri kutoka Qanbalu hadi Oman mwaka 304 wa Hijria (916–917), naye aliandika habari za sabir ya Suqutra.

Kilichotushughulisha zaidi ni majina. Wafamasia wa Uingereza wa karne ya 19 walikuwa na dawa wakiiita shubiri ya Zanzibar, iliyowafikia imefungwa katika ngozi. Lakini mashamba ya Unguja yalijulikana kwa karafuu. Jina lile lilikuwa la bandari iliyopakia, si la udongo uliootesha, na mnunuzi wa London hakuweza kujua kwa jina hilo anakunywa utomvu wa mmea upi. Kiingereza nacho kimezidi kuyachafua maji, kwani neno lao moja hubeba shubiri na udi pia. Mwarabu hachanganyi sabir na udi hata siku moja.

Na jambo hili si la majina tu. Jani la mshubiri lina vitu viwili. Ute wa ndani, usio na rangi, hupakwa penye ngozi iliyoungua. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ndio shubiri yenyewe: huharisha kwa nguvu, na mja mzito hapaswi kuunywa. Mama zetu Unguja waliupaka kwenye titi kumwachisha mtoto ziwa. Uchungu wake tu ulitosha. Marekani iliuondoa mwaka 2002 katika dawa za kuharisha zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake.

Mshubiri wa bustanini haukosekani, hata kwenye kopo barazani. Wa mwituni una habari nyingine: mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya takriban aina zote isipokuwa huo wa bustanini, na Kenya ilipiga marufuku kuuvuna porini tangu 1986.

Shehena za biashara zilihamia Sohar mwaka 2014, Matrah ikabakia na watalii. Tulimwuliza muuzaji mmoja sokoni asili ya kipande chake cheusi cha sabir. "Suqutri," alijibu, bila hata kukitazama.